Alichoma Ngwai Mbele ya Waziri Mkuu, Miezi 5 Baadaye Makarao Wakampasua Kichwa: Maisha ya Peter Tosh

Bob Marley kila mtu anamjua. Sura yake iko kwa nganya, kwa vesti, kwa ukuta wa kinyozi, mpaka kwa viberiti. Lakini yule msee mrefu aliyekuwa anasimama kando yake na gitaa, mwenye miwani nyeusi na mdomo usiojua kunyamaza, wengi wetu tunamjua kwa ngoma moja tu, ile ya kutaka bhangi ihalalishwe. Inapigwa, watu wanainua mikono juu, DJ anairudisha mara mbili, basi. Ni wachache wanajua bei aliyoilipa huyu jamaa kwa hiyo ngoma moja.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Winston Hubert McIntosh. Alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1944 huko Westmoreland, magharibi mwa Jamaica, ocha kabisa, mahali pa mashamba ya miwa na makanisa. Mathe yake alikuwa bado msichana na hangeweza kumlea, buda naye alikuwa mhubiri ambaye hakukaa karibu. Kijana akalelewa na shangazi. Alikuwa anaenda kanisani mpaka anachoka, na huko ndiko alikojua kuimba. Kuna stori moja husimuliwa sana kumhusu: alimkuta mzee mmoja akipiga gitaa, akaketi akamwangalia vidole karibu siku nzima, halafu akaomba hilo gitaa na kuipiga ile ngoma yote bila kukosea. Mzee akamuuliza ni nani amemfunza. Akamwambia ni wewe.

Akiwa tineja akahamia Kingston, mtaa wa Trench Town. Kama umeishi Mathare au Majengo huhitaji kuelezwa sana. Mabati, choo ya pamoja, msoto, na makarao wanaokuja wakati wanataka. Huko ndiko alipatana na vijana wawili wenye njaa ya muziki kama yeye, Bob Marley na Bunny Livingston. Mwalimu wao alikuwa Joe Higgs, mwimbaji ambaye alikuwa anafunza vijana wa mtaa kuimba bila kuwalipisha kitu. Mwaka 1963 wakaunda kikundi kilichokuja kuitwa The Wailers. Peter ndiye aliyekuwa anajua vyombo zaidi wakati huo, na wanaosimulia hiyo historia wanasema yeye ndiye alimwonyesha Bob gitaa inashikwa vipi. Mwaka uliofuata wakatoa ngoma Studio One, ikavuma Jamaica nzima, lakini pesa hawakuiona vizuri. Hiyo sehemu ya stori wasanii wetu wanaijua.

Sasa tusimame kidogo, kwa sababu huwezi kumwelewa Tosh bila kuelewa hiyo majani ilifikaje Jamaica.

Bhangi si mmea wa Jamaica. Utumwa ulipoisha kwa visiwa vya Waingereza, wenye mashamba ya miwa walikosa watu wa kufanya kazi ya mkono mchungu, kwa hivyo kuanzia 1845 wakaanza kuleta vibarua kutoka Bara Hindi kwa meli. Hao Wahindi ndio walikuja na mbegu, na jina pia. Ganja ni neno la Kihindi. Na kabla hujacheka, hata neno letu bangi lilitoka upande huo huo, likavuka Bahari ya Hindi na majahazi mpaka pwani yetu. Kwa hivyo msee wa Kingston na msee wa Mombasa wanaitaja kwa majina mawili yaliyotoka bara moja.

Na huko Bara Hindi haikuwa kitu cha kujificha. Ilikuwa dawa kwa mamia ya miaka. Mwaka 1839, daktari mmoja kutoka Ireland aliyekuwa anafanya kazi Calcutta, William O'Shaughnessy, aliandika ripoti ya majaribio yake. Alianza kwa kuipa wanyama, halafu wagonjwa wa baridi yabisi, wa pepopunda na mtoto mchanga aliyekuwa na degedege. Aliona inatuliza maumivu na mikazo ya misuli. Baada ya hapo dawa ya maji iliyotengenezwa na bhangi ikauzwa kwa maduka ya dawa Uingereza na Marekani, halali kabisa, na wazungu wenye suti wakawa wanainunua kama vile wewe unanunua Panadol.

Halafu upepo ukageuka. Jamaica ikapiga marufuku ganja kwa sheria ya 1913. Sisi huku, chini ya mkoloni huyo huyo, tulifungiwa mwaka mmoja baadaye, 1914. Na Jamaica hiyo sheria haikuwa inamgusa tajiri wa kilimani. Ilikuwa inamgusa mkulima, kibarua, na baadaye Rasta. Rasta alikuwa anaitumia kama sehemu ya ibada, na dola ikapata kisingizio cha kumshika mtu yeyote mwenye dredi. Tarehe 21 Aprili 1966 Haile Selassie alitua Kingston, umati wa Marasta ukafurika uwanja wa ndege hadi ulinzi ukazidiwa, na miaka hiyo vijana wengi wa Trench Town wakaingia kwa hiyo imani. Wailers wote watatu wakafuata. Kwa Peter, kutoka hapo ganja haikuwa tena starehe. Ilikuwa dini yake, dawa yake, na pia kesi yake na serikali.

Mwaka 1973 Wailers walitoa albamu mbili na lebo ya Uingereza, wakaanza kujulikana majuu. Mwaka huo huo Peter alipata ajali mbaya ya gari. Dem wake akafariki, yeye akaumia kichwa. Halafu ugomvi wa kikundi ukaanza: Peter aliona mwenye lebo anamsukuma Bob mbele na wengine wanafanywa wa kubebea mizigo. Hakuwa msee wa kumeza kitu kimya. Yeye na Bunny wakatoka, Bob akabaki na jina. Watu hubishana mpaka leo nani alikuwa na makosa. Mimi naona Bob alikuwa na kipaji cha kufanya watu wote wampende, na Peter hakutaka kupendwa na watu wote, kwa hivyo hawangekaa kwa meza moja milele.

Akiwa peke yake ndiyo akatoa ile kitu. Ngoma ya kwanza ilitoka 1975 na albamu yenye jina lake, Legalize It, ikafuata 1976. Redio za Jamaica zikakataa kuipiga. Na kama ulivyotarajia, kukatazwa kukaiuza. Kwa jalada Peter amechuchumaa katikati ya shamba la bhangi na kiko mkononi, kama mkulima wa Nyandarua kwa shamba lake la viazi, bila wasiwasi. Fikiria hiyo ni 1976, nchi ambayo kete moja ingekupeleka ndani.

Kwa ule wimbo anataja watu wanaoitumia: waimbaji, wachezaji, madaktari, mpaka mahakimu. Hapo ndipo uchungu wa makarao ulianzia, nadhani, kwa sababu alikuwa anasema hadharani kitu ambacho kila mtu alijua. Halafu anataja magonjwa anayoamini inatibu, kama mafua, pumu na kifua kikuu. Hapa tuwe wakweli kidogo, maana hii ndiyo sehemu watu wa base hupenda kuinukuu kama kitabu cha daktari. Kifua kikuu bhangi haitibu, na moshi wowote ukiingia kwa mapafu ya mgonjwa wa TB unamwongezea shida. Pumu ni stori nusu: watafiti wa miaka ya 1970 waliona kweli inafungua njia za hewa kwa muda, lakini moshi wenyewe unakwaruza kifua, kwa hivyo ukiwa na pumu usijidanganye na shada. Kwa shinikizo la macho, ule ugonjwa wa glakoma, alikuwa anasema ukweli zaidi kuliko wengi walivyodhani. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani walipima wakakuta inapunguza presha ndani ya jicho, ingawa kwa masaa matatu au manne tu.

Na cheki hii. Hapo hapo Kingston, Chuo Kikuu cha West Indies, kulikuwa na mwanasayansi anaitwa Manley West. Alikuwa amesikia wavuvi wakisema wakitumia ganja wanaona vizuri usiku baharini. Badala ya kuwacheka, akashirikiana na daktari wa macho Albert Lockhart, wakatengeneza dawa ya matone ya glakoma kutoka kwa ganja, Canasol. Haikuleshi, unaweka kwa jicho na unaenda job. Kwa hivyo nchi moja, mji mmoja, msee mmoja anapigwa rungu kwa sababu ya mmea na msee mwingine amevaa koti jeupe anaugeuza dawa.

Sasa tufike siku yenyewe. Tarehe 22 Aprili 1978, uwanja wa taifa, Kingston. Jamaica ilikuwa inaungua. Magenge ya chama cha Michael Manley, waziri mkuu, na ya Edward Seaga, mkubwa wa upinzani, yalikuwa yanauana mitaani. Magondi wawili wa pande hizo mbili walikuwa wamekutana jela wakakubaliana wapige konsati ya amani. Bob aliitwa arudi kutoka ng'ambo. Watu zaidi ya elfu 30 wakajaa. Manley na Seaga wakaketi mbele na wanasiasa wengine, suti safi. Picha ambayo dunia inakumbuka ni ya Bob akiwashikisha hao wawili mikono juu ya jukwaa.

Peter alipanda kabla ya Bob. Alivaa nyeusi. Alipiga ngoma, halafu akasimamisha bendi na kuanza kuongea. Si dakika mbili. Karibu nusu saa kwa jumla, kati ya ngoma na ngoma. Aliwaambia wanasiasa usoni kwamba amani bila haki ni amani ya makaburini. Alirudi nyuma mpaka kwa Columbus na maharamia waliopewa vyeo na malkia wao, akaeleza vile maskini hana dhamana lakini mwenye jina anatoka. Neno la Kiingereza la mfumo alikuwa anapenda kulivunja na kuweka neno la choo ndani yake, na siku hiyo alilitumia mpaka likaisha utamu. Aliongea kuhusu makarao wanaowavamia maghetto usiku. Akadai ganja iachiliwe. Na akawasha ndom hapo hapo, stejini, askari wakiwa wamezunguka uwanja na waziri mkuu akiwa mita chache mbele yake, akavuta taratibu.

Umati ukashangilia. Hakuna karao aliyesonga. Usiku huo.

Mick Jagger wa Rolling Stones alikuwa kwa hiyo konsati, na baada ya hapo Peter akasainiwa kwa lebo yao. Miezi ya kati akazuru Marekani akifungulia Stones kwa viwanja vikubwa. Ungesema jamaa ameomoka. Septemba akarudi nyumbani. Siku moja alikuwa amesimama Half Way Tree, tao kabisa, na msokoto mdogo mkononi. Karao asiyevaa sare akaja akamnyang'anya. Peter akauliza kwa nini, maneno yakaongezeka, wengine wakaja. Wakampeleka kituoni, wakafunga mlango.

Kwa simulizi yake mwenyewe, walimpiga kwa zaidi ya saa nzima, wengi, kwa marungu. Kichwa kikapasuka, ikabidi ashonwe nyuzi nyingi. Mkono ukavunjika, mkono wa mpiga gitaa. Aliokoka kwa akili: alilala kimya na kuacha kupumua kwa nguvu mpaka wakadhani amededi, wakaacha. Huyo ni mtu aliyekuwa na albamu madukani duniani kote na marafiki matajiri. Sasa jiulize yule kijana wa Trench Town asiye na jina alikuwa anafanyiwa nini ndani ya hicho chumba.

Albamu yake ya mwaka huo aliiita Bush Doctor. Haikuwa ya kuomba msamaha.

Miaka iliyofuata alikuwa na mafanikio na vituko kwa pamoja. Aliimba kuhusu Afrika kuliko wenzake wote: kwa albamu ya 1977 kuna ngoma inayoshambulia ubaguzi wa Afrika Kusini miaka mingi kabla majuu haijaona ni fasheni, na nyingine inayomwambia mtu mweusi popote alipo kwamba yeye ni Mwafrika. Alipiga gitaa lililotengenezwa kwa umbo la bunduki ya M16. Alialikwa na Keith Richards akae kwa keja yake Jamaica, halafu mwenye nyumba alipotaka kurudi, Peter akakataa kutoka. Wakatishiana, mpaka akaondoka. Hilo deni la Stones lilimfanya aamini pia hao wanamnyima pesa zake na kumfungia promo, na urafiki ukaishia hapo. Hakuwa malaika. Alikuwa mgumu, mwenye kushuku kila mtu, na miaka ya mwisho alikuwa anaamini mizimu inamwinda kwa nyumba.

Kuna wale watasema ni bhangi. Siwezi kumpima mtu aliyekufa, na mtu aliyevunjwa kichwa kwa ajali halafu akavunjwa tena na polisi ana sababu zake za kushuku. Lakini sayansi haijifichi. Kinachokulesha ndani ya bhangi ni THC, ambayo ilitambuliwa na watafiti Israel mwaka 1964. Inachelewesha mwili kuitikia, ndiyo maana dere aliyevuta ni hatari kwako na kwa mwenye kuvuka barabara. Inasumbua kumbukumbu ya karibuni. Na kwa vijana wanaoanza wakiwa bado kwa shule na kuivuta kila siku, hasa ile kali, hatari ya kuchanganyikiwa akili inapanda, zaidi kama kwa familia kuna historia hiyo. Upande wa pili, kemikali nyingine ya mmea huo huo, CBD, haikuleshi, na tangu 2018 Marekani inatumika kama dawa rasmi ya watoto wenye aina kali za kifafa. Degedege lile lile la mtoto wa O'Shaughnessy. Ilichukua karibu miaka 180 kurudi mahali tulikuwa.

Tarehe 11 Septemba 1987, Peter alikuwa nyumbani kwake Barbican, Kingston, na marafiki. Jamaa watatu wakabisha. Mlango ukafunguliwa kwa sababu mmoja wao alikuwa anajulikana, Dennis Lobban, msee wa mtaa aliyekuwa ametoka jela na Peter akamsaidia kutafuta kazi. Walikuwa na bunduki, wanataka doo. Peter akawaambia hana pesa kwa nyumba. Hawakuamini. Wakalazimisha kila mtu alale chini, halafu wakaanza kufyatua. Watu saba walipigwa risasi, watatu wakafa: Peter, rafiki yake Doc Brown, na mtangazaji wa redio Jeff Dixon aliyejulikana kama Free I. Peter alikuwa na miaka 42. Lobban alihukumiwa kifo mwaka uliofuata, hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Hao wengine wawili hawakuwahi kufikishwa kortini.

Mwaka huo huo wa 1987 ndio ile dawa ya macho ya Manley West ilianza kuuzwa. Mapema 1988 albamu ya mwisho ya Peter ikashinda Grammy ya rege. Hakuwepo kuichukua.

Serikali iliyompiga ilichukua muda kubadilisha mawazo. Mwaka 2012 ikampa nishani ya Order of Merit, miaka 31 baada ya Bob kupewa yake. Mwaka 2015 sheria ikalegezwa: mtu akipatikana na wakia mbili, yaani kama gramu 56, hashikwi, anapewa tiketi ya kulipa dola 500 za Jamaica, pesa ya nauli tu. Nyumba moja inaruhusiwa mimea mitano. Rasta anaruhusiwa kuitumia kwa ibada. Umoja wa Mataifa nao, Desemba 2020, ukaitoa bhangi kwa orodha ya mihadarati hatari zaidi kwa kura 27 dhidi ya 25.

Huku kwetu bado usijaribu. Sheria ya mihadarati ya 1994 ingali inafanya kazi, iwe ni kuvuta, kulima au kubeba. Marasta wa Kenya walienda kortini 2021 wakiomba waruhusiwe kuitumia kwa ibada. Ken Okoth, mheshimiwa wa Kibra, aliandaa mswada wa kuihalalisha mwaka 2018, akafariki mwaka uliofuata. Wajackoyah aliimba nayo kampeni nzima ya 2022, watu wakacheka, wakacheza rege, halafu wakampa kura isiyofika hata asilimia 1.

Peter aliacha watoto. Mmoja wao, Jawara, alikuwa mwanamuziki kama babake na alipigania bhangi kama babake. Mwaka 2013 alishikwa New Jersey, Marekani, akiwa na mzigo wa bhangi kwa gari. Alikiri kosa akapewa kifungo kifupi. Februari 2017, akiwa ndani, mfungwa mwingine alimpiga kichwa vibaya sana hivi kwamba hakuweza kuongea wala kutembea tena. Familia ilimuuguza miaka mitatu. Alifariki Julai 2020. Novemba mwaka huo, wakazi wa New Jersey walipiga kura na kuihalalisha.